Kichwa cha Zimwi

Eustace angeweza kungoja Idi ipite. Watoto wangepanda bembea la sikukuu, mama zao wangepiga vigelegele, nyumba ya Mwanajuma ingepata riziki yake kidogo, kisha ndipo angeleta trekta. Hakungoja. Alilileta siku za mwisho za Ramadhani, mchana kweupe, wakati Mwanajuma amepiga magoti mbele ya Zimwi akiyapaka meno yake chokaa, na mwanawe Idrisa amelala chali chini ya behewa akipaka grisi magurudumu. Alifanya makusudi, na yeyote anayemjua Eustace atasema hivyohivyo.

Zimwi lenyewe hakuna mtoto aliyekulia upande huu wa barabara ya Kipalapala ambaye hajapita tumboni mwake. Marehemu Abasi, mume wa Mwanajuma, alikuwa seremala, na ndiye aliyelijenga. Mwili ulikuwa wa mbao na mabati, mrefu, umepinda kama mtu anayeumwa tumbo. Kichwa alikichonga kwa gogo moja la mninga, akakitia macho ya taa za lori na masikio ya bati, akakiweka juu ya mlango. Ni lile zimwi la hadithi za Kinyamwezi lililolala katikati ya njia ya misafara, likameza wapagazi na mizigo yao, ngoma na mpiga ngoma, likabakiza mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha ghalani. Mtoto aliyezaliwa na mwanamke huyo ndiye aliyekuja kulipasua.

Basi mtoto alipewa kifurushi cha kubeba kichwani, akapanda behewa, Idrisa akavuta kamba, na behewa likaingia gizani. Humo ndani kulikuwa na sauti. Sauti ilimuuliza kila mtoto jina lake, amebeba nini, na kwa nini asimezwe moja kwa moja. Wakubwa wote walijua kwamba ni Bibi Apolinaria aliyekaa kwenye kigoda nyuma ya ubao, na watoto walijua pia, lakini wakifika pale walisahau. Wakishapiga kelele za kutosha, Idrisa alifyatua ubavu wa Zimwi, mwanga ukaingia, wakatoka upande wa pili wakiwa wapagazi waliookolewa.

Bibi Apolinaria ndiye mama mzazi wa Eustace.

Siku ile ya trekta Eustace hakutoa shikamoo. Alisimama akichezea funguo, akasema amekuja kuchukua kiwanja chake, kwa sababu wageni wa baa aliyoijenga kule juu ya mteremko hawana mahali pa kuegesha magari.

Mwanajuma aliinuka na brashi mkononi. "Kiwanja hiki baba yako alimpa Abasi, watu wakiona."

"Alimpa kwa utani."

"Alimpa."

"Mama Idrisa, mambo ya utani hayana hati. Kama unayo, nioneshe."

Hati hakuwa nayo, na Eustace alijua. Nani anaandikishana na mtani wake? Mwanajuma ni Mzaramo. Babu wa babu yake alipanda huku na msafara kutoka pwani, akachoka kurudi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi hizo za mizigo, na mtani hukunyang'anya kuku wako mchana, ukacheka. Baba yake Eustace alikuwa mtu wa namna hiyo. Alipoulizwa na Abasi kama kiwanja kile kimelala bure kwa sababu Wanyamwezi ni wavivu, alimjibu kwamba akichukue basi, tuone Mzaramo atapanda nini zaidi ya ngoma. Hapo ndipo Zimwi liliposimama.

"Mama yako anajua unachofanya?" Mwanajuma aliuliza.

"Mama anaumwa. Msimsumbue."

Kisha akamgeukia Idrisa, akamwambia afunge mnyororo yeye mwenyewe, kwa kuwa ndiye anayejua wapi pameshikana. Idrisa alifikiri kwamba akifunga vizuri mbao hazitavunjika na watalijenga tena kwingine, kwa hiyo akafunga. Ana umri wa miaka thelathini na kitu, ana mke na mtoto, na vibarua walikuwa wakimcheka. Trekta lilipovuta, mwili wa Zimwi ulikunjika mara moja, mabati yakalia, na zile mbao alizotaka kuziokoa zikapasuka zote. Majirani walitazama. Nusu yao wamepanga kwenye nyumba za Eustace, na nusu nyingine ndugu zao wanafanya kazi kwenye mashine yake ya mpunga kule Igunga.

Kichwa peke yake kilibaki kizima. Eustace alikigusa kwa ncha ya kiatu, akasema kipakiwe kwenye gari, kitapendeza pale mlangoni kwake.

Mwanajuma hakulia. Aliitumbukiza brashi ndani ya ndoo ya chokaa, akaifunika, akaenda nyumbani kupika futari ambayo hakuila. Moyoni mwake alikuwa tayari ameshaapa kwamba mtu huyu atalipa, na kwamba atalipa mbele ya watu.

*

Asubuhi ya Idi watoto walikuja na nguo zao mpya, wakakuta kiwanja kimemwagwa kifusi na gari mbili zimesimama. Walizunguka pale kwa muda. Wengine walikwenda mpaka nyumbani kwa Mwanajuma kuuliza Zimwi limekwenda wapi, na mkwewe akawajibu dirishani kwamba linaumwa. Mwanajuma alikuwa ndani, ameketi juu ya kitanda, akisikiliza. Hakuwahi kumchukia mtu kiasi hicho maishani mwake, na alishangaa jinsi chuki ilivyompa nguvu.

Siku chache baadaye alikwenda baa kukiomba kichwa. Kilikuwa kimewekwa chini karibu na mlango, kinywa wazi, na walevi walikuwa wakikitumia kutupia chupa na vipande vya sigara. Mhudumu alimwambia angoje, bosi ana wageni. Akangoja kwenye benchi la nje, mjane wa Kiislamu mwenye baibui lake, barabarani kila mtu anapita. Watu aliowafahamu walimwona, wakageuza nyuso zao upande mwingine ili wasilazimike kumsalimia mahali kama pale.

Baada ya muda mrefu mhudumu alirudi na bia baridi juu ya sinia. "Umeletewa na bosi," alisema, huku ameangalia chini.

Ndani watu wakacheka. Eustace alitokea mlangoni akifuta mdomo. "Si utani tu, Mama Idrisa. Au Wazaramo siku hizi mnanuna?"

Mwanajuma aliiondoa ile bia polepole akaiweka chini. Akasema amekuja kuomba kichwa cha Zimwi, kazi ya mikono ya marehemu mume wake, hakuna kingine. Eustace akamjibu kwamba kichwa ni pango la kiwanja kwa miaka yote waliyokaa bure. Lakini yeye si mtu mbaya, akasema. Anahitaji mtu wa kusimama getini pale kiwanjani na kuelekeza magari. Amlete Idrisa.

Idrisa alikwenda. Mama yake alimwambia maneno mazito siku hiyo, maneno ambayo mama hamwambii mtoto, na Idrisa aliyasikiliza yote, kisha akauliza watakula hasira mpaka lini. Asubuhi yake alivaa kizibao cha manjano kinachomeremeta, akaenda kusimama palepale alipokuwa akivuta kamba, akawapungia mkono wenye magari waingie. Watoto wa mtaani walimzomea kidogo, wakachoka.

Kilichomchoma Mwanajuma kuliko vyote ni kwamba hakuwa na wa kumweleza. Mtu wake wa kumweleza mambo alikuwa Apolinaria, na Apolinaria alikuwa amelazwa nyumbani kwa mwanawe, nyuma ya geti la chuma. Alikwenda. Mlinzi alimwambia ameagizwa kwamba watu wa mabembea wasiingie. Akakaa pale nje mpaka Dafrosa, binti wa Apolinaria aliyekuwa akimuuguza, alipotoka na kumshika mikono kupitia nondo za geti.

"Mama anakuuliza," Dafrosa alisema huku analia. "Kila siku anauliza kwa nini huji kumtukana."

Maana hivyo ndivyo walivyoishi wale wawili. Apolinaria akifika kwa Mwanajuma hakuanza kwa hodi, alianza kwa kuuliza kama Mzaramo amekwishaamka au bado anaota nazi. Mwanajuma alimwita mtumwa wangu, akamuuliza leo amebeba mzigo wa nani. Waliuguliana, walizalishana watoto, walizikiana waume, na katika yote hayo hawakuwahi kuambiana neno la adabu.

"Mwambie nimezuiwa," Mwanajuma alisema.

"Nimemwambia unaumwa mguu. Akijua ukweli atakufa leo."

Mwanajuma alirudi nyumbani kwa miguu yake miwili mizima, na njia nzima alikuwa akimhesabia Eustace madeni yake.

*

Apolinaria alikufa mvua zikiwa zimekatika. Habari ilipofika, Mwanajuma alianua nguo kambani kana kwamba hakusikia, akazikunja zote, ndipo akakaa chini akapiga ukelele mmoja. Kisha akamtuma mkwewe akamwite Asmahani na wanawake wengine wa Kizaramo wa mjini, waje na kanga zilizochakaa na masufuria.

Idrisa alielewa mama yake anakusudia nini, akamfuata chumbani. Alimkumbusha kwamba wao ni Waislamu, na wanawake hawaendi makaburini, na baba mdogo atasema, na msikitini watasema.

"Watasema," Mwanajuma alikubali. "Naenda kama mtani."

"Mama, na kazi yangu?"

"Kazi yako nimeiona."

Maziko ya Apolinaria yalikuwa makubwa. Malori yalileta watu kutoka Igunga na Ziba, kulikuwa na maturubai, kulikuwa na wali na nyama, na waheshimiwa walikaa kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe. Kaburi lilichimbwa kwenye shamba la ukoo, hatua chache kutoka barabarani, na Eustace alikuwa amelijengea kuta za vigae vyeupe mpaka juu. Watu walipanga foleni kulichungulia, wakatikisa vichwa kwa kustaajabia gharama. Wengi wa watu hao hawakuwa wamemwona Apolinaria tangu alipofungiwa ndani.

Watani waliingia wakigonga masufuria. Asmahani alikuwa amevaa gauni la zamani la marehemu, amejaza mto tumboni, anatembea kwa kuchechemea vilevile alivyochechemea Apolinaria, na watu waliokuwa wakilia walianza kucheka huku machozi yakiwatoka. Wakamnyang'anya mpishi mwiko. Wakakaa kwenye viti vya waheshimiwa, wakagoma kuondoka mpaka wamepewa chochote. Ndiyo kazi ya mtani msibani, kumkumbusha mfiwa kwamba bado yuko duniani, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Eustace alikuwa akitoa noti huku anatabasamu kwa ajili ya wageni. Mwanajuma hakuchukua hata moja. Alikuwa amesimama kando, na aliyemtazama vizuri angeogopa.

Jeneza lilipofika kaburini, padri aliyetoka Kipalapala akafungua kitabu. Hapo Mwanajuma alivua viatu, akashika ukingo, akatelemka ndani ya kaburi. Umri wake ni wa bibi mwenye wajukuu, na alitelemka vibaya, akachubuka goti. Akakaa chini, akaegemea vigae, akanyoosha miguu.

Watu wakashangilia. Ni jambo lililozoeleka, mtani kuingia kaburini asitoke mpaka amelipwa, na padri alikuwa mwenyeji wa huku, kwa hiyo alifunga kitabu chake akangoja. Eustace akadondosha noti. Mwanajuma akazikusanya moja moja, akazirusha juu. Eustace akaongeza. Akazirusha tena, na safari hii kicheko kilipungua.

"Taja unachotaka, Mama Idrisa," Eustace alisema. "Jua kali hili."

"Nataka kiwanja baba yako alichompa Abasi, ukiri mbele ya watu hawa kwamba ni chetu. Na kichwa cha Zimwi kirudi mahali pake leo, kabla sijatoka humu."

Wageni wa Igunga waliulizana zimwi gani. Waliokuwa wenyeji hawakuulizana kitu, walimtazama Eustace tu, na kwa mara ya kwanza tangu trekta lile lije walimtazama moja kwa moja.

Sasa sikia kosa lake. Angecheka, angesema nimekubali, mtani wangu, toka tuzike, halafu kesho akageuka, mambo yangekwisha kimyakimya kama yanavyokwisha mambo ya watu wenye uwezo. Lakini alikuwa na waheshimiwa nyuma yake, na uso ulimwiva. Akasema huyu mama amechanganyikiwa. Akamtafuta Idrisa kwa macho, akamwona nyuma kwenye magari na kizibao chake, maana hata siku hiyo alikuwa amewekwa kuelekeza wageni. Akamwita.

"Shuka umtoe mama yako. Usipomtoa, usirudi getini kwangu."

Idrisa alikuja mpaka ukingoni. Alimwangalia mama yake kule chini, baibui limejaa vumbi, goti linatoka damu. Idrisa alikivua kizibao taratibu, akakikunja vizuri kama mtu anayerudisha kitu cha watu, akakiweka juu ya kiatu cha Eustace.

Ndipo Eustace akaruka kaburini mwenyewe. Alimkamata Mwanajuma mkono, akauvuta kwa nguvu kumwinua, na Mwanajuma akaguna kwa maumivu. Sauti iliyotoka kwa watu pale juu haikuwa kelele. Ilikuwa ni pumzi ya watu wengi waliovuta hewa kwa pamoja.

"Eustace, mwachie," alisema mzee Vedasto, baba yake mdogo na mkubwa wa ukoo aliyebaki. Alisema kwa Kinyamwezi kwanza, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wageni nao wasikie. "Umemkamata mtani ndani ya kaburi la mama yako. Toka humo."

Eustace alitoka. Wazee wa ukoo walisogea pembeni wakanong'onezana, lakini hapakuwa na mengi ya kunong'ona. Mtani akikuomba, unaweza kumbembeleza akapunguza. Ukimwekea mkono kwa hasira, hakuna tena kubembelezana, utatoa alichotaja na atakachoongeza, la sivyo nyumba yako haitazikwa na mtani tena, na watu wa huku wanaliogopa hilo kuliko polisi. Vedasto alirudi akainama juu ya kaburi, akamwomba radhi Mwanajuma kwa niaba ya ukoo, akamuuliza anaongeza nini.

Mwanajuma alikuwa akiusugua mkono wake. Alikuwa na furaha, furaha chungu iliyomjaa mpaka kooni, na hakuificha.

"Kiwanja nimeshataja. Kichwa akakitoe baa mwenyewe, akibebe kichwani kwake mpaka kiwanjani, kwa miguu, kama babu zake walivyobeba. Gari sitaki. Kupokezana sitaki."

Watani wakapiga masufuria. Na hao Wanyamwezi wenyewe, ukoo mzima, walicheka, kwa sababu ulikuwa ni utani halali kabisa, Mzaramo kumdai Mnyamwezi upagazi, na kwa sababu wengi wao walikuwa na yao ya siku nyingi na Eustace. Eustace akatamka mbele ya watu kwamba kiwanja ni cha Mwanajuma, kwa sauti ndogo. Vedasto akamwambia arudie. Akarudia. Padri akatazama saa yake, akasema ataweza kungoja, lakini wafanye haraka.

*

Kutoka kaburini hadi baa ni mwendo wa kutosha kumchosha mtu aliyezoea gari, na kutoka baa kuteremka kiwanjani si haba kwa aliyebeba gogo la mninga. Dafrosa ndiye aliyemtengenezea kaka yake ngata kwa kitenge chake. Wanaume wawili walikinyanyua kichwa, chupa zikamwagika kutoka kinywani, wakamtwika. Inasemekana alianza kwa kutembea haraka ili yaishe, na kwamba alipofika penye mteremko shingo ilianza kutetemeka, na sikio moja la bati likawa linamkata begani kila anapopiga hatua. Watoto walimfuata. Mmoja, kisha wengine wote, walianza kumuuliza jina lake, amebeba nini, na kwa nini asimezwe moja kwa moja. Wanawake walitoka majumbani. Wale wapangaji wake walisimama milangoni wakapiga vigelegele, na Eustace, mwenye nyumba zao, hakuweza hata kugeuza shingo kuona ni nani na nani.

Nasema inasemekana kwa sababu Mwanajuma hakuona hata kidogo. Hilo hakulifikiria alipokuwa akipanga. Mtani akitoka kaburini kabla hajalipwa, madai yamekufa, kwa hiyo ilimbidi akae mlemle kati ya vigae, wakati kitu alichokiota tangu Ramadhani kikitendeka barabarani bila yeye. Watu walikuwa wamekwenda wote kutazama. Hata waheshimiwa walikwenda, kwa kisingizio cha kusindikiza. Alisikia kelele zikipungua, kisha upepo, kisha kiti cha padri kikilalamika.

Juu ya ukingo aliona ncha ya jeneza. Lilikuwa limewekwa juani, na maua ya plastiki yalikuwa yameanza kulegea. Mwanajuma alilitazama kwa muda, na ile furaha aliyokuwa nayo ikamwondoka bila kumuaga.

"Nimekuanika," aliliambia jeneza. "Umelala ndani miezi yote ile unaniita, na siku ya kutoka nimekuweka juani kama muhogo."

Hapo ndipo alipolia, si kile kilio cha kupiga ukelele cha msibani, bali kilio cha mtu aliyebaki na matusi yake yote na hana wa kumtukana. Alilia mpaka kanga yake ikalowa.

Padri alisogea ukingoni, akamteremshia chupa ya maji. Alikuwa mtu mpole, na alifikiri wakati umefika. Akamuuliza kama, mwanamume yule akirudi amefanya alichoamriwa, ataweza kumsamehe.

Mwanajuma alikunywa maji, akafuta uso. "Baba Padri, nimelia kwa ajili ya rafiki yangu. Huyo mwingine sijamlilia."

*

Walirudi kwa kelele, kisha walipokaribia wakanyamaza. Idrisa alitangulia kuja kusema kwamba kichwa kipo kiwanjani, amekiona kwa macho yake, kimewekwa chini ya mlingoti uliobaki wa kamba ya behewa. Eustace alikuja nyuma yake. Shati lilikuwa limechanika begani na damu imekauka juu yake, suruali ya suti ina vumbi mpaka magotini, na alikuwa akipumua kwa mdomo. Kuna waliomwonea huruma, na huenda alistahili kuonewa, kwa kuwa hata yeye alikuwa amefiwa na mama.

Kwa desturi, mtani aliyekwisha kulipwa hatoki kaburini peke yake. Mwenye msiba, mtoto mkubwa wa marehemu, humshika mkono akamtoa, na kwa mkono huo watani wote wanajua nyumba sasa ni ya nani, na siku nyingine wakifika watamwita nani. Huyo aliyemtoa ndiye atakayetupa udongo wa kwanza. Eustace alilijua hilo. Akapiga goti ukingoni, mbele ya watu wake, mbele ya wageni wa Igunga, akanyoosha mkono.

"Nimefanya yote, Mama," alisema. Alimwita Mama, si Mama Idrisa. "Njoo tumzike."

Mwanajuma alisimama. Alikung'uta baibui, nyuma na mbele, akajifunga kanga yake upya. Aliutazama ule mkono. Kwenye kiganja kulikuwa na chembe za chokaa, ile Mwanajuma mwenyewe aliyoyapaka meno ya Zimwi. Watu walikuwa wakingoja aushike, na mzee Vedasto alikwishaanza kutabasamu, maana jambo baya lilikuwa linaelekea kuisha vizuri.

"Dafrosa," Mwanajuma aliita.

Dafrosa alikuwa nyuma kabisa, kati ya wanawake, hana kitenge mabegani. Akasogea bila kuelewa.

"Wewe ndiye uliyemuuguza, nami nikakuona. Nitoe."

Dafrosa alimtazama kaka yake, akamtazama baba yake mdogo, na Vedasto akainamisha kichwa kukubali. Dafrosa akapiga goti pembeni ya Eustace, akamshika Mwanajuma mikono yote miwili, akamvuta. Mkono wa Eustace ulikuwa bado umenyooshwa juu ya kaburi. Aliurudisha alipoona watu wanaukwepa ili jeneza lipite.

Padri alisoma kwa kifupi kwa sababu jua lilikuwa limeshuka. Udongo wa kwanza alitupa Dafrosa. Wa pili alitupa Mwanajuma, na Idrisa akafuata, na Asmahani, na wanawake wengine wa Kizaramo mmoja mmoja na masufuria yao kwapani. Eustace, mtoto wa kwanza wa Apolinaria, alingoja watani wamalize.